Uzi maalumu: Ile PDF ya moduli za PostgreSQL imepitwa na wakati, tuihuishe pamoja

#1 Mwanakusini, Mtwara

Wakuu, salaam.

Nipo Mtwara mjini, Chikongola. Kazi yangu ni kutunza kanzidata za vyama vya msingi vya ushirika, vile vinavyopokea korosho za wakulima na kugawa pembejeo. Zote zinatumia PostgreSQL, programu ya kutunza kanzidata. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aurudie jioni.

Mnaifahamu ile PDF ya Kiswahili inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, yenye maelezo ya moduli za nyongeza (vipande vinavyoiongezea PostgreSQL uwezo) kama pg_trgm, pgcrypto, hstore na pg_stat_statements. Iliandikwa kwa toleo la 9.5. Aliyeiandika alitufaa sana, mimi mwenyewe nimejifunzia humo na ninamheshimu kwa hilo. Lakini 9.5 ilitoka Januari 2016. PostgreSQL hutoa toleo kubwa kila mwaka na kulihudumia kwa miaka 5 tu, kwa hiyo 9.5 iliachwa Februari 2021. Seva zimesonga mbele, PDF imebaki palepale, na vijana wanaoanza kazi leo wanaishika kama msahafu.

Niwaeleze kilichonikuta.

Mei 2024 mnaikumbuka. Mwanzoni mwa mwezi kilipita Kimbunga Hidaya, barabara ya Dar ikakatika kule Kilwa. Hatujakaa sawa, tarehe 12 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zikakatika, intaneti nchi nzima ikawa ya kuvizia. Wiki hiyohiyo nilikuwa nahakiki daftari la wakulima wa chama kimoja kabla salfa, dawa ya mikorosho, haijaanza kugawiwa. Majina yalikuwa yameandikwa na makarani tofauti kwa miaka mingi, kila mmoja kwa sikio lake: Mussa na Musa, Saidi na Said, Rashidi na Lashidi. Mkulima mmoja anaonekana mara mbili, salfa inatoka mara mbili, jirani yake anakosa.

Kazi ya namna hii ndiyo ya pg_trgm. Inalikata jina vipande vya herufi tatu tatu, ikiongeza nafasi mbili mwanzoni na moja mwishoni, kisha inagawa idadi ya vipande vya pamoja kwa idadi ya vipande vyote. Mussa ana vipande 6, Musa ana 5, wanashirikiana 4, jumla bila kurudia ni 7. Nne kwa saba ni 0.57. Ukitumia alama ya `%`, majina yakifikia kikomo kilichowekwa yanahesabiwa kuwa yanafanana. Kikomo cha kawaida ni 0.3.

PDF inasema hivi: endesha `SELECT set_limit(0.5);` mara moja, imetosha. Nikaendesha usiku, nikajaribu, matokeo safi. Asubuhi nikaunganisha upya nikatoa orodha ya majina ya kuunganishwa, nikaituma kijijini. Karani akanipigia: "Kaka, huyu Asha na huyu Aisha umewafanya mtu mmoja. Ni dada na mdogo wake, kila mmoja ana shamba lake."

Nikapiga hesabu kwa mkono. Asha na Aisha wanashirikiana vipande 3 kati ya 8, yaani 0.375. Kwa kikomo cha 0.5 wasingeguswa. Kwa 0.3 wanaingia. `set_limit` inadumu kwa muunganisho mmoja tu. Nilipofunga usiku, kikomo kikarudi 0.3 bila kunong'ona. Na tangu 9.6, mwongozo rasmi unasema `set_limit` imeachwa, utumie mpangilio wenyewe:

`ALTER DATABASE daftari SET pg_trgm.similarity_threshold = 0.5;`

Hapo kila anayejiunga na kanzidata hiyo anakutana na 0.5. Mstari mmoja tu. Kama ungekuwepo kwenye PDF, yule Aisha asingekaribia kufutwa kwenye daftari la chama chake. Lilinikaa rohoni, na bado limo.

Nilipotulia nikaipitia PDF yote nikiwa na toleo la 15 mbele yangu. Haya ni machache niliyoyakuta.

Inaelekeza kutafuta maswali mazito, yaani amri zinazoichosha seva, kwa kupanga orodha ya pg_stat_statements (moduli inayorekodi muda wa kila swali) kwa `total_time`. Kolamu hiyo haipo tena tangu toleo la 13, muda wa kuliandaa swali (planning) umetengwa na muda wa kulitekeleza, na kolamu sasa inaitwa `total_exec_time`. Ukifuata PDF unapata `column "total_time" does not exist`. Afadhali hiyo, inapiga kelele. Inasema lazima uweke pgcrypto ndipo upate `gen_random_uuid()`. Tangu 13 fanksheni hiyo imo ndani ya PostgreSQL yenyewe, huhitaji moduli yoyote. Inasema moduli zote huwekwa na mtumiaji mkuu (superuser) peke yake. Tangu 13 kadhaa, zikiwemo pg_trgm, hstore, citext na pgcrypto, zimekuwa za kuaminika, mwenye ruhusa ya `CREATE` kwenye kanzidata anaweza kuziweka mwenyewe. Na kuna ukurasa mzima wa tsearch2, moduli ya zamani ya kutafuta maneno, iliyoondolewa tangu toleo la 10.

Tena kuna jambo ambalo PDF haikuligusa kabisa, na ndilo linalowaumiza wengi: ukipandisha seva toleo kwa `pg_upgrade`, moduli hazipandi zenyewe. Unakuwa na seva ya 15 yenye pg_stat_statements ya zamani. Angalia hapa:

`SELECT name, default_version, installed_version FROM pg_available_extensions WHERE installed_version IS NOT NULL;`

Namba mbili zikipishana, endesha `ALTER EXTENSION pg_stat_statements UPDATE;`. Nimeona seva tatu hapa Mtwara zikiwa hivyo.

Ombi langu: tuiandike upya, moduli moja moja, kila mtu achukue anayoitumia kazini. Sharti langu ni moja tu na sitalilegeza: hakuna mfano unaoingia kabla aliyeuandika hajauendesha na kubandika kilichotoka. Mimi naanza na pg_trgm.

#2 Fundi wa Masasi

Mkuu, umenigusa penyewe. Hiyo ya kupiga kelele ni afadhali, sikiliza ya kimya.

Sisi tulitengeneza moduli yetu ya ndani, inaitwa pembejeo. Faili ya `pembejeo.control`, na `pembejeo--1.0.sql`. Ndani yake kuna fanksheni `makato(kilo, bei)`, inatoa makato ya mkulima. Msimu uliofuata viwango vikabadilika, tukaandika `pembejeo--1.0--1.1.sql` yenye `CREATE OR REPLACE FUNCTION makato(kilo, bei, msimu)`. Tukapandisha toleo, tukafurahi. Maelezo hatukuyagusa, yakabaki na mfano wa vigezo viwili.

Sasa PostgreSQL inatambua fanksheni kwa jina pamoja na aina za vigezo. Ya vigezo vitatu haikuifuta ya viwili. Zote mbili zikawa zinaishi humo. Karani mpya akasoma maelezo, akaita ya viwili, ikamjibu vizuri tu, kwa viwango vya msimu uliopita. Hakuna kosa lililotokea kwenye skrini. Tulikuja kugundua mkulima mmoja alipokuja na kikaratasi chake na hesabu aliyoipiga nyuma ya pakiti ya sigara, akatuambia pesa yake haijatimia. Alikuwa sahihi hadi shilingi.

Dawa kwenye kodi ya programu ilikuwa mstari mmoja ndani ya hati ya kupandishia: `DROP FUNCTION makato(numeric, numeric);`. Lakini kama yule aliyebadilisha fanksheni angelazimika kubadilisha na maelezo siku hiyohiyo, angeufuta mfano wa zamani kwa mkono wake, na hapo hapo angejiuliza ile ya zamani imekwenda wapi.

Tangu hapo kwetu badiliko la moduli bila badiliko la maelezo halipokelewi.

#3 Kijana wa Mikindani

Nina swali kwa heshima zote wakuu. Mwongozo rasmi upo, unahuishwa kila toleo, ni bure. Kwa nini tujitese kuandika wa kwetu ambao nao utachakaa? Si bora tufundishane kusoma ule wa Kiingereza?

#4 Mwanakusini

Mkuu wa Mikindani, swali zuri, na sehemu yake nakubaliana nawe kabisa. Mwongozo rasmi ndio mama. Usome, na usome wa toleo lako; ukiingia kwa kutafuta mtandaoni mara nyingi unaangukia ukurasa wa toleo la zamani, kwa hiyo angalia namba juu ya ukurasa kabla ya kunakili chochote.

Tena usisubiri intaneti. Ndani ya psql, dirisha la amri la PostgreSQL, andika `\h CREATE EXTENSION`, maelezo ya amri yanatoka hapohapo hata mnara ukiwa chini. Kwenye Ubuntu na Debian kuna pakiti ya `postgresql-doc-15`, inakuwekea kitabu kizima kwenye mashine. Laiti ningekuwa nayo ile Mei.

Na tujifunze wanavyofanya wenyewe. Zamani kila moduli ilikuwa na faili yake ya README imejikalia kwenye folda yake, wengine waliiona wengine hawakuiona. Toleo la 8.3, mwaka 2008, maelezo hayo yakahamishiwa kwenye kitabu kikuu, leo ni Kiambatisho F. Chanzo chake kipo kwenye `doc/src/sgml`, ndani ya hazina (repository) ileile yenye kodi ya programu. Kwa hiyo badiliko la moduli na badiliko la ukurasa wake vinasafiri pamoja, anayekagua anaviona vyote kwa jicho moja. Anachofanya Fundi wa Masasi ndicho hicho.

Lakini mwongozo rasmi hautakuambia habari za Asha na Aisha. Nikupe mfano. Wengi watasema weka kikomo 0.5 umemaliza. Sasa linganisha jina kamili: Asha Hamisi na Aisha Hamisi. Vipande vya Hamisi ni 7 na vyote vinafanana, ukijumlisha na vile 3 unapata 10 kati ya 15, yaani 0.67. Wameshapita kikomo, kwa sababu tu baba yao ni mmoja! Kwa majina yetu ya jina-na-baba, kulinganisha jina kamili kunawaunganisha ndugu. Sisi tunalinganisha jina la kwanza peke yake, kisha la baba peke yake, na bado orodha inapita kwa karani wa kijiji kabla ya kuguswa. Hayo ndiyo ya kuandika kwa Kiswahili. Wajapani, Wafaransa na Warusi wana kitabu kizima kwa lugha zao, sisi tuanze na kurasa tunazozitumia.

#5 Mzee wa Nachingwea

Vijana wangu, mimi kompyuta naijua kwa kuwaangalia wanangu. Lakini nimekaa kwenye ushirika tangu kabla ya stakabadhi ghalani, ule mfumo wa kuuza korosho kupitia ghala, haijaanza kule Mtwara msimu wa 2007/2008, na naomba niseme neno la mzani.

Mzani wa ghalani unakaguliwa na Wakala wa Vipimo, unabandikwa alama ya mwaka. Mkulima anayejua haki yake anaitazama alama kwanza, ndipo anapandisha gunia. Mzani unaweza kuwa mzuri wa kung'aa, alama ikiwa ya mwaka juzi hatupimi. Si kwamba umeharibika. Hatujui, basi.

Karatasi zenu nazo zibandikwe alama juu kabisa: zimepimwa kwenye toleo gani, lini. Asiyeiona alama asipandishe gunia.

#6 Mwanakusini

Shikamoo mzee. Nimechukua hilo kama lilivyo. Kila ukurasa utakuwa na mstari wa kwanza: toleo la PostgreSQL, toleo la moduli, tarehe ya kupimwa. Ukurasa usio na alama hauingii.

#7 Dada wa Lindi

Hongereni kaka zangu. Mimi nipo Lindi, nachukua fuzzystrmatch, moduli ya kulinganisha maneno yanayokaribiana, maana PDF inaisifia soundex yake (inayogeuza jina kuwa msimbo wa sauti) kupita kiasi na nimeumizwa nayo kwenye majina ya wagonjwa.

Soundex ilitengenezwa kwa majina ya Kiingereza, na inaishikilia herufi ya kwanza kama ilivyo. Nimeendesha sasa hivi: `soundex('Rashidi')` inatoa R230, `soundex('Lashidi')` inatoa L230. Kwake hao ni watu wawili. Na sisi huku r na l zinabadilishana viti kila siku, karani anaandika anachosikia. pg_trgm inawapa 0.45, na `levenshtein('Rashidi','Lashidi')` inatoa 1, yaani herufi moja tu imebadilika. Kwa hiyo ukurasa wangu utaanza na levenshtein, soundex nitaiweka mwishoni na onyo lake.

Angalizo kwa kaka Mwanakusini: kwa kikomo chako cha 0.5, Rashidi na Lashidi hawaonekani kuwa wanafanana. Umemwokoa Aisha, umempoteza Lashidi. Liandike waziwazi.

Jambo la pili, maneno. Mmoja anaandika faharasa, mwingine indeksi, mwingine kielezo. Yote ni index, ile inayoharakisha utafutaji. Mimi naomba indeksi, ndivyo tunavyosema kazini. Na majina ya amri yasitafsiriwe kabisa, nimewahi kuona mtu kaandika TENGENEZA KIENDELEZI kwenye mfano, mwanafunzi akainakili vilevile.

#8 Fundi wa Masasi

Nakazia ya dada. Indeksi.

Na nyongeza kwa wenye moduli zao: maelezo mafupi yawekeni ndani ya hati yenyewe kwa `COMMENT ON FUNCTION`. Yanasafiri na kanzidata, mtu akiandika `\df+` anayaona hata kama PDF hana. Mifano yote ya maelezo tumeiweka kwenye folda ya `sql`, majibu yake kwenye `expected`, tukiendesha `make installcheck` inalinganisha. Mfano ukichakaa, jaribio linaanguka siku ileile. Hatumtegemei tena mtu kukumbuka.

Mimi nachukua pg_stat_statements. Nimeshaona toleo la 17 nalo limebadilisha: `blk_read_time` imekuwa `shared_blk_read_time`. Nitaweka jedwali dogo, jina la kolamu kwa kila toleo.

#9 Mwanakusini

Dada wa Lindi, umenishika, na umenishika vizuri. Nimelijaribu: kweli 0.45, hawaonekani. Nimeandika upya ukurasa. Hapa kipande cha mwanzo, ukosoeni:

*pg_trgm. Umepimwa: PostgreSQL 15, moduli 1.6, tarehe: (nitajaza).*

*Kuweka: ingia kwenye kanzidata yako kama mmiliki wake, endesha `CREATE EXTENSION pg_trgm;`. Huhitaji mtumiaji mkuu.*

*Kikomo: `ALTER DATABASE daftari SET pg_trgm.similarity_threshold = 0.5;` kisha toka uingie tena, hakiki kwa `SHOW pg_trgm.similarity_threshold;`. Usitumie `set_limit`, inaisha na muunganisho.*

*Tahadhari: hakuna kikomo kimoja kinachofaa majina yote. Kwa 0.5, Asha na Aisha wanabaki watu wawili, lakini Rashidi na Lashidi wanapotea. Kwa jina la kwanza, ongeza `OR levenshtein(lower(a), lower(b)) = 1` kutoka fuzzystrmatch, na ujue kwamba Asha na Aisha nao watarudi. Kwa hiyo orodha ni ya kuhakikiwa na mtu anayewajua wakulima. Usiunganishe majina kwa amri ya moja kwa moja.*

*Indeksi: `CREATE INDEX ON wakulima USING gin (jina gin_trgm_ops);`*

#10 Kijana wa Mikindani

Kaka, nimeshawishika, na nimeujaribu ukurasa wako kwenye seva ya ofisini kwetu neno kwa neno. Imegoma mstari wa kwanza:

`ERROR: permission denied to create extension "pg_trgm"`
`HINT: Must be superuser to create this extension.`

Mimi ndiye mmiliki wa kanzidata. Seva yetu ni toleo la 12.

#11 Mwanakusini

Ahsante sana mdogo wangu, hilo ndilo nililokuwa nalitaka kutoka kwa kila mtu. Alama yangu ilisema 15 na sikueleza chini ya hapo kuna nini. Nimebadilisha sehemu ya kuweka:

*Toleo la 13 na kuendelea: mmiliki wa kanzidata anaiweka mwenyewe. Toleo la 12 na chini: mwombe anayeshika akaunti ya postgres aendeshe `CREATE EXTENSION pg_trgm;` ndani ya kanzidata yako, mara moja tu. (Imepimwa kwenye 12, Mikindani.)*

Toleo la 12 lenyewe liliachwa Novemba 2024, mpange safari ya kupanda. Mkishapanda, usisahau `ALTER EXTENSION pg_trgm UPDATE;`, halafu uje uniambie namba mbili zinasemaje ili niongeze alama nyingine.

Zilizobaki bila mtu: hstore, citext, tablefunc, postgres_fdw.

#12 Dada wa Lindi

tablefunc niandikieni mimi pia. Ile `crosstab` yake, inayogeuza mistari kuwa kolamu, naitumia kila mwisho wa mwezi, na mfano wa kwenye PDF hauna `ORDER BY`, ndiyo maana takwimu za watu zinachanganyika.